Goma: Mafuta ya kurudisha ujana yanakula pesa ya maharagi

Katika maduka ya Birere na kwenye meza za soko la Virunga, mafuta ya kupaka yamebadilisha lugha. Zamani kikopo kiliahidi tu kung'arisha. Sasa kimeandikwa peptidi, kolajeni, asidi amino, pamoja na picha ya mama wa miaka hamsini mwenye uso wa msichana.

Wanunuzi si wake za matajiri peke yao. Hata mama aliyekimbia vita Masisi au Rutshuru, anayelala kwa familia ya wapokezi na kubeba mizigo ya watu ili apate chakula cha jioni, anaweka franka kidogo kidogo mpaka kikopo kipatikane. Hakuna sababu ya kumcheka. Vita inazeesha. Jua, moshi wa makala, usingizi wa kukatika-katika, vyote vinaonekana usoni, na mtu aliyepoteza shamba na nyumba ana haki ya kutaka kujiona vizuri kwenye kioo. Shida ni kile anachouziwa.

Ngozi imejengwa kwa protini, na protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Mnyororo mfupi ndio unaitwa peptidi. Hapo wachuuzi hawadanganyi. Mwaka 1973 mtafiti Mmarekani, Loren Pickart, alipata katika damu ya binadamu peptidi ya asidi amino tatu ambayo inashikamana na shaba, na leo imo ndani ya mafuta ya bei kali huko Ulaya na Marekani. Nyingine, ya asidi amino tano, ilipimwa na watafiti wa kampuni ya Procter & Gamble, na matokeo yakatangazwa mwaka 2005: wanawake 93, juma 12, mikunjo ya uso ikapungua kidogo. Kidogo tu. Tena wanawake hao walikuwa wazungu, ambao ngozi yao inakunjamana mapema kuliko ngozi nyeusi. Kolajeni ya kupaka nayo ni kubwa mno kupita ngozi. Inabaki juu, inalainisha kama vaselini, halafu inaondoka na maji ya kuoga.

Asidi amino zinazojenga ngozi zinaingia kwa mdomo. Kivu ilipaswa kuwa ya mwisho kusahau jambo hili. Ugonjwa ambao waganga wanauita kwashiorkor, Bukavu na kandokando yake unaitwa bwaki, na wazazi wanaujua: mtoto anayeshiba bugali mtupu anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, ngozi inabanduka kama ya mtu aliyeungua. Mtoto huyo haponi kwa kupakwa mafuta. Anapelekwa kituo cha afya, analishwa kwa utaratibu, na ngozi inarudi. Mwili wa mtu mzima hauna njia nyingine. Maharagi, soja, karanga, sambaza za ziwa Kivu, humo ndimo asidi amino zimo, tena zote bila picha ya mzungu kwenye kifuniko.

Kama hasara ingekuwa pesa peke yake, mtu angenyamaza. Lakini jina zuri linapita mbele na sumu inafuata nyuma. Mfano ni glutatione, inayouzwa kama vidonge, sabuni, hata sindano za kung'arisha. Hiyo ni peptidi kweli, ya asidi amino tatu, na ini la kila mtu linaitengeneza bila malipo. Ikimezwa, sehemu kubwa inasagwa tumboni kama nyama ya kawaida. Kuidunga kwenye mshipa ili kubadilisha rangi ni hatari, na wasimamizi wa dawa wa Ufilipino walishatoa onyo. Mahali sindano inapochomwa chumbani, na mtu asiye muganga, hatari inaongezeka mara mbili.

Halafu kuna mkorogo unaovaa nguo mpya. Neno kolajeni likiandikwa mbele, haliondoi haidrokwinoni, klobetasoli wala zebaki ndani. Zebaki ni ile merkiri ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaifahamu. Inaharibu figo, na inapita kwa mama mwenye mimba mpaka kwa mtoto. Klobetasoli inafanya ngozi iwe nyembamba, ipasuke mistari, na kidonda kichelewe kufunga. Haidrokwinoni ikipakwa miaka mingi inaweza kuacha madoa ya rangi ya majivu na bluu yasiyotoka. Yaani mtu anayekimbia uzee anaununua kwa pesa yake. Rwanda, hatua chache tu kutoka Goma, ilianza kukamata mafuta ya namna hii madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Upande huu, yanapangwa karibu na sabuni za watoto, na wanaokagua mizigo mpakani wanapaswa kuulizwa swali hilo bila woga.

Kinachozeesha ngozi zaidi ya yote ni jua, na Goma iko juu, karibu mita 1.500, na karibu na ikweta. Huko Nambour, Australia, watu waliopaka kinga ya jua kila siku walifuatwa zaidi ya miaka minne, na ngozi yao ikachakaa polepole kuliko ya wengine. Kinga hiyo ni ghali hapa. Kofia pana si ghali, kitenge begani si ghali, na vaselini ya kawaida inatosha kwa ngozi iliyokauka.

Kwa mama au dada ambaye tayari amepaka mafuta makali miezi na miezi, asiyaache ghafla peke yake, kwa sababu ngozi iliyozoea klobetasoli inaweza kuwaka na kuvimba. Achukue kikopo chenyewe, hata kikiwa kitupu, akipeleke kituo cha afya, muganga asome kilichoandikwa nyuma.