Mtambo wa Pitlochry na Mtambo wa Mtoni

Mgeni afikaye Pitlochry, mji mdogo wa milimani huko Uskoti, aghalabu huelekezwa Edradour, kiwanda kidogo cha wiski kilicho nje kidogo ya mji. Majengo yake ni meupe, milango myekundu, na kijito chapita katikati. Katika karne ya 19 kiliendeshwa na wakulima wa hapo walioungana. Kazi yenyewe si ya ajabu: kimea cha shayiri hutiwa maji moto, hamira ikafuata, kisha mchanganyiko uliochacha huchemshwa katika mtungi wa shaba, na mvuke hupitishwa katika bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi ili ugeuke kiowevu. Kinywaji hicho ndicho Wagaeli walichokiita uisge beatha, yaani maji ya uhai, na humo ndimo lilimotoka neno wiski.

Mkenya aliyepata kuuona mtambo wa chang'aa kando ya mto ataitambua kazi hiyo papo hapo. Wanaistilahi huiita kukeneka. Waifanyao husema kupika, na neno lao halina kasoro.

Tofauti basi haimo katika ufundi bali katika sheria. Milima ya Uskoti ilijaa wapishi wa magendo. Sheria ya 1814 ilipiga marufuku mitungi iliyopungua galoni 500 katika eneo hilo, kiasi ambacho mkulima mdogo asingekimudu, naye akajificha mabondeni. Mwaka 1816 kiwango kilishushwa hadi galoni 40. Mwaka 1823 ushuru ukapunguzwa kwa zaidi ya nusu na leseni ikawa pauni 10. Hapo ndipo wengi walipojitokeza. George Smith wa Glenlivet, aliyechukua leseni mwaka 1824, alilazimika kutembea na bastola kwa kuwahofia majirani waliobaki katika magendo.

Kenya nayo iliipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980, kisha ikaifuta marufuku hiyo mwaka 2010. Mlango ulifunguliwa, ila kizingiti kikawekwa juu mno: leseni, viwango vya ubora, chupa za kioo. Mama apikaye lita chache ili alipe karo atavitoa wapi vyote hivyo? Alibaki mtoni, akikimbizana na askari.

Wapo watakaosema kwamba pombe hiyo huua, na hawasemi uongo. Mnamo Februari 2024 zaidi ya watu kumi walifariki Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Lakini methanoli haina rangi, na mnywaji hana njia ya kujua kilichotiwa mle asikoona. Katika viwanda vya Uskoti, pombe itokayo mtamboni hupita ndani ya kasha la shaba lenye kioo na kufuli. Mpishi huitazama na kuitenga ile ya mwanzo na ya mwisho pasipo kuigusa, na kwa miaka mingi ufunguo ulishikwa na afisa wa ushuru. Serikali haikungoja nje na rungu. Ilikaa ndani ya kazi.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti utoaji wa leseni za vileo. Hakuna kinachozizuia kuanza na kikundi kimoja cha kijiji, mtambo mmoja wa pamoja, ada ambayo kikundi hicho chaweza kuichanga, na mkaguzi mwenye ufunguo.