Mawingu Yang'aayo Usiku: Wewe wa Kitale, Lala Tu

Kila mwisho wa Mei hujitokeza programu ya anga inayokuambia msimu umeanza, toka nje utazame mawingu yang'aayo usiku. Haya, ndugu msomaji wa Kitale au Bungoma, lala tu. Nafasi yako ni sifuri, mwanzo wa msimu hata mwisho wake.

Mawingu hayo ni chembe za barafu, kilomita 80 na ushei juu. Huonekana zaidi kati ya latitudo 50 na 65, ambako jua la Juni huzama kidogo tu na kuendelea kuyamulika kutoka chini. Sisi tuko kama digrii 1 kutoka ikweta. Anga la juu huku halipoi kiasi hicho, na jua likizama limezama.

Lawama nawapa waandika programu wenzangu. Simu inajua latitudo yako. Sharti moja kwenye msimbo lingetosha! Tena lingekuonyesha kilicho chako: mwanga wa jua kwenye vumbi lililo kati ya sayari, ule Waislamu wanaouita alfajiri ya uongo. Huku ikweta husimama wima kuliko Ulaya. Siku isiyo na mwezi wala mawingu, tazama mashariki saa kumi na nusu alfajiri, mbali na taa za mji.