Bagamoyo si ufukwe tu

Ukipata siku moja Bagamoyo, usiishie ufukweni. Anzia Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Tazama kwenye nguzo hizo vishimo vya duara vilivyowahi kupachikwa bakuli za Kichina. Kisha nenda Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, usimame chini ya mnara ulipolazwa mwili wa mvumbuzi Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara. Hapo hapo kuna mbuyu uliomeza mnyororo. Vipete vichache tu vinachungulia kwenye gome. Wapeleke watoto wauguse. Mwacha asili ni mtumwa, na asili yetu iko pale, imesimama.