Sur: Mji wa Majahazi kwa Mwendo wa Miguu

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Msafiri aliyetimiziwa neno hilo barabara ni Ibn Battuta, mwanachuoni wa Morocco. Alizuru Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, kisha akaelekea pwani ya Arabuni, na chombo chake kikatia nanga Sur, katika nchi ya Oman. Kwa mbali aliuona mji wa Qalhat, akaudhani u karibu. Akateremka, akamwajiri baharia mmoja awe kiongozi wake, akashika njia kwa miguu pamoja na mwenzake mmoja.

Kumbe kati ya miji hiyo miwili pana mwendo wa yapata kilomita 20, wa mawe na jua kali. Kiongozi yule alitaka kuwavusha penye hori la bahari, na Ibn Battuta akatambua kwamba nia yake ilikuwa wazame, naye atwae nguo zao. Usiku alikesha akiwa na mkuki mkononi. Alipofika Qalhat miguu ilikuwa imevimba viatuni, akakaa siku sita pasipo uwezo wa kusimama. Askari aliyepata kwenda mwendo mrefu bila maji ya kutosha hatamcheka.

Qalhat leo ni magofu, lakini Sur ungali mji hai, na kwa mtu anayesafiri ni mahali pa kufaa sana kutembea. U karibu na ncha ya mashariki kabisa ya Arabuni, yapata kilomita 200 kwa barabara kutoka Muscat. Si mji mkubwa. Mtu mwenye viatu vizuri aweza kuuzunguka sehemu yake ya kale kwa siku moja. Mwenye busara huondoka alfajiri, hupumzika adhuhuri wakati maduka yanapofungwa na jua kuwa kali, kisha hutoka tena baada ya alasiri. Avae mavazi ya heshima, abebe maji, na aanze kwa salamu kabla ya swali. Ni jambo la kawaida Oman mgeni kukaribishwa tende na kahawa; akishatosheka, hutikisa kikombe kidogo na mwenyeji hamwongezi tena. Kiswahili nacho kingali kikisemwa katika baadhi ya nyumba za nchi hiyo, hasa za jamaa waliotoka Unguja baada ya mwaka 1964.

Matembezi yaanze kwenye hori, maana hori ndilo lililouzaa mji. Bahari imeingia ndani ya nchi na kufanya ziwa lililokingwa na mawimbi. Maji yakijaa, mashua huelea. Yakipwa, hulalia ubavu juu ya matope. Ukingoni pana kiwanja cha waundaji wa majahazi. Mafundi wa kale hawakuhitaji michoro ya karatasi: walilaza mkuku, wakapandisha mbao za ubavuni kwanza, kisha wakapachika mataruma ndani, kipimo chao kikiwa jicho na uzoefu. Msaji waliutumia kutoka Bara Hindi. Mwaka 1980 iliundwa mjini hapo merikebu iitwayo Sohar, iliyoshonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari hata mmoja, nayo ikafika China mwaka 1981. Karibu na kiwanja limewekwa jahazi la aina ya ghanja, Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951. Baada ya kufanya kazi baharini kwa miaka mingi lilikuwa Yemen, na wenyeji wakalirudisha kwao lisipotee.

Kutoka hapo mtembezi avuke daraja hadi Ayjah, mtaa wa nyumba nyeupe ulioko ng'ambo ya pili. Upo mnara wa taa uliowaongoza manahodha usiku, na juu ya vilima imesimama minara ya walinzi. Mtu wa jeshi atapenda kupanda huko. Atauona mlango mwembamba wa hori, atafahamu mara moja kwa nini walinzi waliwekwa mahali pale.

Katika vichochoro, hata hivyo, ndiko lilipo funzo kubwa. Huko zipo nyumba za kale za matajiri, na milango yake imechongwa kwa nakshi zinazomkumbusha mtu Lamu na Unguja. Mtazamaji atasifu kazi ya mikono, na ni haki kuisifu. Lakini hapana budi ajiulize pia: mali iliyolipia nakshi hizi ilitoka wapi?

Jibu la kwanza ni upepo. Kaskazi ilivileta vyombo pwani yetu vikiwa na tende, chumvi na samaki wakavu. Kusi ikavirudisha na boriti za mikoko zilizoezeka nyumba za Arabuni. Jibu la pili ni chungu. Majahazi ya Sur yalibeba watumwa. Katika karne ya 19 wakazi wa Unguja waliuogopa msimu wa Waarabu wa kaskazini, Wasuri wakiwamo, kwa kuwa baadhi yao waliiba watoto na kuwapakia vyomboni.

Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kulifunga soko la Unguja. Manowari za Kiingereza zikawa zikipekua majahazi. Ndipo baadhi ya manahodha wa Sur walipojipatia hati na bendera za Ufaransa, kwa kuwa Waingereza hawakuruhusiwa kupekua chombo chenye bendera hiyo. Si kila aliyeipandisha alikuwa mwuza watu, lakini waliokuwa nao walipata pazia la kujifichia. Ugomvi huo ulifikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mnamo Agosti 1905 ilipunguza sana haki ya Ufaransa ya kutoa bendera hizo. Askari polisi hahitaji kufafanuliwa zaidi: mhalifu hutafuta daima mahali ambapo mkono wa sheria haufiki. Utumwa wenyewe ulikomeshwa Oman mwaka 1970.

Mambo haya hatuyasemi ili tuwachukie watu wa Sur wa leo. Mvuvi anayetengeneza wavu wake ukingoni mwa hori hakumwiba mtoto wa mtu. Lakini haifai pia mgeni kutoka kwetu apite mbele ya milango ile, astaajabu, apige picha, aende zake, kana kwamba babu na bibi zetu hawakupitishwa katika hori lile. Asimame kidogo. Fundi aliyechonga apewe sifa yake, na wale waliopitishwa hapo wamefungwa wakumbukwe, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa gari, mtaa ule huisha kwa dakika mbili, na mambo hayo hayawezi kufikiriwa kwa dakika mbili. Ndiyo maana twamshauri msomaji atakayejaliwa kufika Sur ateremke, aende kwa miguu, na asiharakishe.