Orodha ya Wapiga Kelele

Kwenye kikao cha wazazi, baba mmoja aliyevaa suti na joto lote lile la Dar es Salaam alisimama kulalamika kwamba kila akipita karibu na darasa la kwanza anakuta watoto wanategeana vitendawili. "Hatuleti watoto shule waje kucheza," akasema. Ukumbi ukapiga makofi. Nilisaga meno, leo naandika.

Imani kwamba darasa kimya ndilo linalosoma ndiyo iliyozaa ile karatasi ya kiranja. Mwalimu akitoka tu, kiranja anashika kalamu na kuandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu akirudi, fimbo. Hebu tazama nani yumo kwenye orodha hiyo. Ni yule anayesimulia sinema ya jana mpaka dawati zima linacheka. Ni yule mbishi asiyekubali kushindwa kwa maneno. Mwenye ulimi mwepesi ndiye tunayemchapa, halafu akifika kidato cha kwanza tunashangaa mbona hawezi kusimama akajieleza!

Lugha hupatikana kwa kusema. Mtegee mtoto: nyumba yangu haina mlango. Mmoja atasema yai, mwingine kaburi, na hapo utazuka ubishi wa dakika tano wenye Kiswahili kingi kuliko ukurasa mzima wa kunakili ubaoni. Mwaka 2015 madarasa ya chini yaliletewa mtaala wa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Vizuri. Lakini mtoto ataelewaje anachosoma kama maneno yenyewe hajawahi kuyasikia wala kuyatamka?

Eti vitendawili havitoki kwenye mtihani! Wanaosema hivyo wafungue mitihani ya Kiswahili ya darasa la saba: methali, nahau na vitendawili vimetoka humo miaka nenda miaka rudi. Wengine wanalalamikia kelele. Hao hao wakisikia watoto wanapasua koo kwa ba be bi bo bu, wanatabasamu: wanasoma!

Wazee walijua nguvu ya maneno ya mdomo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala na washairi wenzake wa chama cha UKUTA walipotaka siasa mpya iwaingie watu, walitunga ngonjera, na shuleni watoto wakajibizana kwa beti. Leo ngonjera imebaki ya kumpokea mgeni rasmi.

Hata darasa la watoto tisini halihitaji vifaa ili kutegeana vitendawili. Mwalimu, kesho asubuhi anza na kitendawili kabla daftari halijafunguliwa, na huyo kiranja mwambie aweke kalamu chini.