Seva yako si posta: acha kufunga Postfix kila mahali

Wadau, leo nimekuja na ugomvi.

Karibu kila seva ninayoitiwa hapa Kisii mjini, Keroka au Nyamira, iwe ya shule, duka la pembejeo au chama cha akiba na mikopo, nakuta hadithi ile ile. Fundi amefunga Postfix nzima, na Dovecot juu yake, ili mashine itume risiti thelathini kwa siku. Hakuna barua inayoingia humo. Hakuna mtu mwenye sanduku la barua humo. Ni kutuma tu. Huo si utaalamu, jamani. Ni mzigo, na anayeubeba ni mteja.

Ukitaka kumtumia dada yako mkungu wa ndizi Nairobi, hununui basi. Unaupeleka stejini, unaandikiwa risiti, wenye basi wanabeba. Kwenye seva, kijana wa kupeleka mzigo stejini ni programu ndogo inayoitwa msmtp. Inaitwa kwa mstari wa amri, inapokea barua, inaikabidhi kwa seva halisi ya barua kupitia poti 587, kwa nywila na kwa njia iliyosimbwa, kisha inajifunga. Haisikilizi poti yoyote. Haikeshi ikingoja wezi.

Na wezi wapo. Novemba 1988 mnyoo wa Morris ulipita kwenye Sendmail. Juni 2019 lilitangazwa tundu la Exim, toleo la 4.87 hadi 4.91, lililompa mvamizi nafasi ya kuendesha amri kama root. Programu usiyoihitaji ni mlango usioulinda.

Mtaniambia: "Lakini Postfix inafanya kazi, nimeijaribu." Inafanya kazi gani? SMTP iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambazo seva yoyote iliweza kugonga poti 25 ya seva nyingine na kukaribishwa. Enzi hizo zimekwisha. Google Cloud inazuia poti 25 ya kutokea. AWS inaibana mpaka uombe. Anwani za IP za intaneti ya ofisi nyingi zimo kwenye orodha za kukataliwa hata kabla hujatuma chochote. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, pamoja na rekodi ya PTR ya anwani yake. Anayetuma barua 5,000 kwa siku anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC zote. Postfix uliyoifunga kwa dakika kumi haikupi hata kimoja kati ya hivyo.

Niwape mfano. Kuna mfanyabiashara anayeuza nje vinyago vya mawe ya sabuni vya Tabaka. Mfumo wake ulikuwa ukimwonyesha "Ankara imetumwa" kwa rangi ya kijani. Mnunuzi wa Ulaya hakujibu. Akangoja. Mnunuzi naye akaona kimya, akanunua kwingine. Nilipoitwa nikachungulia. Tovuti ilitumia mail() ya PHP, na mail() hurudisha kweli pindi programu ya hapo hapo kwenye seva inapopokea barua, haijali kama imefika. Postfix iliipokea, ikajaribu poti 25, ikagonga ukuta, ikaiweka kwenye foleni. Kwa kawaida hujaribu kwa siku 5, kisha hurudisha taarifa kwa mtumaji. Mtumaji alikuwa nani? www-data, ambaye hana macho wala simu. Taarifa ilikuwa imelala kwenye faili ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifungua.

Kwa msmtp, ukuta ule ungeonekana papo hapo: amri inarudisha kosa badala ya kuificha barua kwenye foleni. Programu ikishindwa kazi iseme!

Kuifunga kwenye Debian au Ubuntu:

apt install msmtp msmtp-mta

Kisha kwenye /etc/msmtprc:

defaults
auth on
tls on
logfile /var/log/msmtp.log

account duka
host smtp.example.com
port 587
from risiti@example.com
user risiti@example.com
passwordeval "cat /etc/nywila-ya-barua"

account default : duka

Jaribu:

printf 'Subject: Jaribio\n\nHabari kutoka Kisii.\n' | msmtp mtu@example.com

Hiyo msmtp-mta inajiweka mahali pa sendmail, kwa hiyo PHP na cron hazihitaji kubadilishwa.

Sasa pingamizi. La kwanza lina uzito: msmtp yenyewe haina foleni. Stima ikipotea Nyamira na ruta ikazimika, barua haitoki. Kweli. Kwa seva iliyo chini ya meza ofisini, tumia nullmailer. Nayo ni ndogo, hukabidhi kila kitu kwa seva moja kubwa, lakini huweka barua kwenye diski na kujaribu tena mtandao ukirudi. Seva ya kukodi iliyo kwenye kituo cha data, msmtp inatosha. Bado sijaona sababu ya Postfix.

La pili: "Unatufanya watumwa wa makampuni ya nje." Sivyo. Endesha seva yako moja ya barua, itunze kama mboni ya jicho, iwekee SPF, DKIM na PTR, halafu seva zako nyingine kumi ziikabidhi barua. Moja inayotunzwa ni uhuru. Kumi zisizotunzwa ni vurugu. Mshika mbili moja humponyoka.

La tatu: nywila kukaa kwenye faili. Basi fungua akaunti ya kutuma tu, si Gmail ya mkurugenzi, na faili lisomwe na mtumiaji anayeendesha tovuti peke yake.

Mafundi wenzangu, najua Postfix inapendeza kwenye ankara ya kazi. Lakini mteja hakukulipa umfungie posta, alikulipa barua ifike. Leo jioni ingia kwenye seva uliyomfungia mtu, andika neno moja tu: mailq. Ukikuta barua za juzi bado zimepanga foleni, mpigie mwenyewe umwambie, kabla hajapoteza mnunuzi mwingine.