Kilichoahidiwa Mtoto Kitengenezwe



Mwezi huu tuzungumze juu ya bustani za michezo tunakowapeleka watoto wakati wa likizo na sikukuu. Sisi wa pwani tunazifahamu. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ndiko ilikojengwa bustani ya michezo ya maji ya Wet 'n' Wild, na msimu wa Sabasaba ukifika watoto hawaachi kuulizia bembea. Mahali pengine huwekwa pia sanamu zinazoendeshwa kwa mitambo: tembo anayetikisa masikio, mamba anayeachama. Je, sanamu kama hiyo ikiharibika, na bembea yenyewe bado inakwenda, mwenye bustani ana wajibu wa kuitengeneza?

Jambo hili limewashinda hata matajiri. Mwaka 2006, kampuni ya Disney ilifungua huko Florida, Marekani, treni la michezo liitwalo Expedition Everest, lililogharimu kiasi cha dola milioni 100. Ndani ya mlima wa bandia waliweka jitu la theluji, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, linalowarukia abiria kana kwamba litawakamata. Haikupita miaka mingi jitu likasimama. Badala ya kulitengeneza, waliwasha taa za kumulika na kuzimika upesi ili lionekane kama linacheza. Mwaka 2013 msanifu wake, Joe Rohde, alisema hadharani kwamba siku moja atalitengeneza. Alistaafu mwanzoni mwa mwaka 2021, na jitu lilikuwa bado limeganda.

Wapo wanaosema hakuna ubaya, kwa kuwa treni linakwenda na watoto wanapiga kelele za furaha. Vipuri ni ghali, na fedha hiyo ingeweza kununua mchezo mpya. Hoja hii ina uzito, kwani kutengeneza jitu kama lile si sawa na kushona kiatu. Lakini tumfikirie mama wa Ubena au Kiwangwa, anayeweka akiba ya mauzo ya mananasi miezi mitatu apate nauli na kiingilio cha watoto wanne. Yeye hana mwaka kesho wa kurudia. Picha iliyobandikwa mlangoni inaonyesha tembo anayetikisa masikio, na hiyo ni ahadi. Kupokea fedha yake yote huku tembo amekufa ni kumpunja, hata kama kipimo chenyewe si cha mchele wala sukari.

Jambo la pili ni zito zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayezoea kupita mbele ya sanamu iliyovunjika bila kushtuka, ataanza pia kuizoea nati iliyolegea. Mwaka 2003, katika Disneyland ya California, treni la Big Thunder Mountain lilipata ajali na kijana wa miaka 22 akafa. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba matengenezo hayakufanywa inavyotakiwa. Hatusemi kila sanamu mbovu ni ajali inayokuja. Tunasema uangalifu ni tabia moja, na Bwana wetu alifundisha kwamba uaminifu hupimwa kwanza katika mambo madogo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kwanza kabisa kitengenezwe kinacholinda uhai: minyororo, mikanda, breki. Kisha kitengenezwe kilichoahidiwa. Fedha ikikosekana, mwenye bustani aseme wazi mlangoni, apunguze kiingilio, au aiondoe sanamu na picha yake. Bembea moja ya kamba iliyo imara ni bora kuliko jitu la mamilioni lisilocheza.

Nasi akina mama tuna sehemu yetu. Kabla ya kulipa, tuulize ni michezo gani inafanya kazi leo. Tutazame minyororo na viti kabla mtoto hajapanda. Tukiona kasoro, tumwambie msimamizi kwa adabu, wala tusione haya kumshusha mtoto.

Tena tujitazame nyumbani. Kigari cha mtoto kimevunjika gurudumu, tumemwambia, "Baba atakitengeneza kesho," na kesho hiyo imekuwa mwezi. Kwa mtoto hilo nalo ni jitu lililosimama. Anachojifunza hapo si habari za magurudumu. Anajifunza kama neno la mzazi linaaminika. Tukiweza kukitengeneza, tukae naye chini tukitengeneze pamoja. Tusipoweza, tumwambie ukweli. Mtoto huvumilia kukosa kuliko anavyovumilia kudanganywa.

Mungu azibariki nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.